Kabla hujanunua mbio, nunua tairi

Wiki tatu nimekuwa kimya, na si kwa ugonjwa wala safari. Nilikuwa chini ya gari. Kucha zangu bado nyeusi na mhariri wangu ameniuliza mara mbili kama nimeanza kuuza makaa. Leo naomba tuiache siasa ipumzike kidogo, maana hata yenyewe imechoka kutajwa, tuzungumze magari. Najua nusu yenu mtaondoka hapa hapa. Subirini kwanza. Jambo lenyewe si la magari tu, ni la mdogo wangu.

Mdogo wangu ana miaka 22, anasoma uhandisi, tunakaa naye hapa Nairobi, na tangu mwaka jana ana ufunguo wa pili wa gari langu. Gari ni Volkswagen Golf GTI ya 2007, lile toleo la tano, jeusi, lililoletwa kutoka Japani likiwa na miaka saba. Mimi nililinunua baadaye kwa mtu, kwa mkopo wa SACCO ambao mama yetu kule Mombasa mpaka leo anauita "ule mkopo wa shetani". Majuzi mdogo wangu alinijia na karatasi. Amepiga hesabu: programu mpya ya injini, eksozi ya inchi tatu, springi fupi za kulilaza gari, na ule ufundi wa kulifanya lipasue milio kama fataki ukiachia mafuta. Jumla, Sh 310,000. Chini kabisa ameandika kwa herufi nzuri: Kaka, tukigawana nusu kwa nusu, Desemba tumemaliza.

Nikamuuliza, breki ziko wapi kwenye karatasi hii?

Akacheka. "Breki si ziko tayari, kaka?"

Jamani, lile jibu nililijua. Ni langu. Nililitoa mimi mwenyewe, kwa meno yale yale, mwaka 2019.

Mwaka ule nilikuwa nimeshalibadilisha gari programu. Vijana wanaita steji 1. Kiwanda kilitoa gari lenye nguvu farasi 200, fundi wa kompyuta akaniahidi 250 na ushei, nami nikawa natafuta mtu wa kumwonyesha. Usiku mmoja rafiki yangu mwenye Subaru akanipigia simu, tukakutana kwenye barabara moja ya mchepuko, saa saba. Sitawaambia ni ipi. Mnazijua zote. Tukakimbia mara moja, tukageuza, mara ya pili, mara ya tatu. Kila safari nilifika kama 180 kisha nikafunga breki. Mara ya nne nilipokanyaga, pedali ikazama. Haikukatika, haikupiga kelele. Ilizama tu kama mguu kwenye tope. Na mbele yangu, pale taa zilipofika, palikuwa na mtu anasukuma mkokoteni wa madumu ya maji, hana taa, hana habari.

Nilimpita. Sijui kwa upana gani. Nakumbuka madumu ya njano na sauti moja, neno moja tu ambalo hata sikulisikia vizuri. Sikusimama. Gari lenyewe halikuwa na uwezo wa kusimama, lakini hata lilipoupata, sikurudi.

Asubuhi yake nilikuwa zamu ya dawati la habari. Kazi yangu ya kwanza kila Jumatatu enzi hizo ilikuwa kupiga simu za polisi wa trafiki kuuliza wangapi wamekufa barabarani mwisho wa wiki. Nikapiga. Nikaandika. Nikaweka kichwa cha habari. Nchi hii inazika watu zaidi ya 4,000 kila mwaka kwa ajali za barabarani miaka hii ya karibuni, na kundi kubwa kuliko mengine ni la waenda kwa miguu kama yule mzee, na mimi niliandika hesabu yao kwa mkono ule ule uliokuwa umeshika usukani saa tisa kabla. Sijawahi kuliandika hili popote. Basi leo limetoka.

Gari nikalipeleka kwa fundi wangu, mzee mmoja wa Likoni anayefanya kazi Industrial Area, mtu wa maneno machache. Akafungua kikopo cha mafuta ya breki, akachovya kidole, akanionyesha. Meusi kama kahawa ya matanga.

"Mwanangu," akasema, "umenunua mbio. Kusimama umenunua?"

Nikamwambia breki ni za kiwanda, diski kubwa za mbele milimita 312. Akaniangalia kama mtoto anayesoma kibao cha dawa asichokielewa. Kisha akanifundisha jambo ambalo nilitakiwa kulijua kwa hisabati ya kidato cha nne. Mzigo anaobeba gari linapokimbia haupandi kwa hesabu ya kujumlisha. Ukienda mara mbili ya mbio, breki zinapaswa kumeza mara nne. Gari la kilo 1,300 na ushei likishuka kutoka 180, joto lote lile linaingia kwenye diski, kwenye pedi, na mwisho kwenye mafuta. Na mafuta ya breki yana tabia ya kunywa maji kutoka hewani taratibu, mwaka hadi mwaka, hata gari likiwa limelala. Maji yale ndani ya mafuta yakichemka yanakuwa mvuke. Mafuta hayabonyei, mvuke unabonyea. Ndiyo maana pedali ikazama. Kiwanda kinasema badilisha kila miaka miwili. Yangu yalikuwa hayajaguswa tangu gari lishuke melini, na bei ya kuyabadilisha, pamoja na kazi, ilikuwa ndogo kuliko ile stika ya GTI niliyobandika kioo cha nyuma.

Mpwa wa yule mzee anakimbiza otokrosi. Ndivyo nilivyoujua mchezo huu.

Kwa wasioujua: otokrosi si rali. Rali ni mamia ya kilomita, msoma ramani pembeni, helikopta, kamera, na bajeti inayotosha kujenga shule. Otokrosi ni kiwanja kimoja, njia fupi ya kona nyingi iliyowekewa mipaka, saa, na wewe. Unazunguka, unapimwa, unarudi kwenye foleni. Wamarekani wanaufanya kwenye lami, kwenye viegesho na viwanja vya ndege, katikati ya koni za plastiki, na kule klabu yao ya SCCA inauita Solo. Ukiangusha koni moja unaongezewa sekunde mbili. Waingereza wakisema otokrosi wanamaanisha nyasi au udongo. Sisi Kenya tulifuata Waingereza, kama kwenye plagi za ukutani: otokrosi yetu ni moramu na vumbi. Inasimamiwa na shirikisho la michezo ya magari, KMSF, na magari yanagawanywa, ya kuvuta miguu miwili na ya minne, yenye turbo na yasiyo na turbo, na wale watoto wadogo wenye vibagi vyao ambao wanaendesha kuliko wengi wetu.

Jumapili yangu ya kwanza nilikwenda na kifua mbele. Nguvu farasi 250, ndugu zangu! Kona ya kwanza nikaingia kama nilivyozoea barabarani, usukani nikaukata kushoto, gari likaendelea kwenda mbele. Tairi za mbele zinalia, mimi nimeng'ang'ania, gari linakwenda linakotaka lenyewe mpaka kwenye nyasi. Nilimaliza wa pili kutoka mwisho. Dada mmoja mwenye Toyota Starlet ya 1300, injini isiyo na turbo, gari ambalo ukilikuta kituo cha petroli hulitazami mara mbili, alinipita kwa sekunde nane. Nane! Katika mzunguko wa dakika mbili hivi hizo ni kama siku. Baadaye nikamfuata kumuuliza amelifanyia nini gari lake. Akasema, "Shokapu, tairi, na nimeondoa viti vya nyuma." Hayo tu. Kisha akaniuliza kwa upole kama huwa ninapima presha ya tairi.

Sikuwa ninapima.

Sasa ngoja niwaeleze ninachoamini, na mwenye kupinga apinge. Vijigari hivi vya moto, Golf, Starlet, Swift, Civic, viliumbwa kwa ajili ya kona, si kwa ajili ya kelele. GTI ya kwanza ilitoka 1976 ikiwa na nguvu farasi 110 tu. Mia na kumi! Lakini ilikuwa na uzito wa kilo 810 hivi, na Wajerumani wenyewe walipanga kutengeneza 5,000 tu wakidhani hakuna atakayeitaka. Na msiniambie ni vitu vya kuchezea. Lancia Delta, kigari cha milango mitano cha Kiitaliano, kilishinda Safari Rally 1988 na 1989 mikononi mwa Miki Biasion. Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, Sébastien Ogier alishinda na Toyota Yaris. Kijana wetu McRae Kimathi alipokwenda kukanyaga theluji ya Sweden Februari 2022 alikuwa ndani ya Ford Fiesta. Vyote hivyo ni watoto wa ukoo mmoja.

Lakini sisi tumefanya nini nao? Tumeugeuza ukoo mzima kuwa ngoma. Simama barabara yoyote kubwa ya Nairobi Ijumaa usiku usikilize. Eksozi zinalia kilomita mbili, tairi zimeisha mpaka nyuzi. Nimeona kwa macho yangu Golf yenye turbo mpya inayong'aa chini ya boneti, na tairi nne za majina manne tofauti. Hiyo ni sawa na bwana harusi aliyevaa suti ya mkopo na viatu vya plastiki.

Na yangu mimi? Ngoja niwaambie mzee alichokikuta alipoifungua, ili msije mkadhani ninasema na wengine.

Injini hii ya lita 2 ya turbo ina pampu ya petroli ya shinikizo la juu inayosukumwa na kemishafti. Kati ya viwili hivyo kuna kikombe kidogo cha chuma, ukubwa wa kifuniko cha soda, wenyewe wanakiita kemfolowa. Kazi yake ni kusuguliwa. Ikifika siku kimetoboka, kemishafti inaanza kula pampu, na bili yake inaanza kula wewe. Kukikagua ni kufungua pampu, boliti chache, nusu saa kwa mtu anayejua. Sasa mimi hukikagua kila kilomita 15,000 hivi. Changu kilikuwa kimekwanguka rangi yote nyeusi ya juu na katikati kimeanza kuwa kishimo. Mzee alikiweka kiganjani mwangu bila kusema kitu. Bado ninacho, kipo juu ya meza ninapoandikia.

Halafu kuna uchafu wa vali. Injini za zamani zilipuliza petroli juu ya vali, vali zikawa zinaoga kila siku. Hii inapuliza moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo vali za kuingiza hewa hazioni petroli maisha yao yote. Mvuke wa oili unazipaka, joto linaukausha, miaka ikipita zinakuwa kama sufuria ya ugali ambayo haikulowekwa. Ughaibuni wanasafisha kwa kupuliza maganda ya jozi yaliyosagwa. Sisi tulikwangua kwa mkono, siku mbili, na dawa, na matusi. Gari lilipowaka baada ya hapo lilitulia kama halijawahi kuwa langu.

Kuna vali ndogo ya kuachia presha ya turbo, ya mwanzo ilikuwa na utando wa mpira unaochanika. Yangu ilichanika, ndiyo maana zile 250 nilizolipia zilikuwa za kwenye karatasi. Toleo la baadaye lina pistoni, linadumu. Kuna oili ya giaboksi ya DSG na chujio lake, kila kilomita 60,000, ambayo nusu ya wauzaji magari watakuapia kuwa haibadilishwi. Kuna mkanda wa taimingi. Huo sisemi kitu: ukikatika, pistoni zinasalimiana na vali, mnaanza upya.

Hesabu ya yote hayo ilikuwa karibu Sh 140,000, kwa vipande, kwa miezi mitano. Hakuna hata kimoja kinachoonekana. Hakuna kinachosikika. Huwezi kukipiga picha. Ndiyo shida yake, wadau. Matunzo hayana watazamaji.

Tukija kwenye marekebisho yenyewe, mimi sasa naanzia chini na kupanda juu. Gari linagusa dunia mahali panne, na kila mahali ni kama ukubwa wa kiganja. Nguvu zote, breki zote, kona zote zinapita kwenye viganja vinne. Kwa hiyo tairi kwanza. Nikaondoa rimu za inchi 17 zenye tairi 225/45, nikatafuta za 16 zinazopita kwenye diski zile, nikavaa 205/55. Kimo kinabaki karibu sawa lakini mpira wa ubavuni unakuwa mnene, na kwenye moramu mpira mnene ni rehema. Rimu za 17 zangu mbili zilikuwa zimeshapinda kama chapati. Kisha pedi za breki zinazovumilia joto na mafuta mapya ya DOT 4. Kisha bushi zote za mbele, kwa sababu bushi zilizokufa zinalifanya gari liamue lenyewe pa kwenda. Kisha shokapu nzuri, na alaimenti ya kweli kwa mashine, si ya kamba.

Springi fupi za kulilaza gari? Hapana. Hili naomba nilisemee kidogo kwa sababu ndilo lililotuletea ugomvi na mdogo wangu. Gari likishushwa mno, shokapu inakosa nafasi ya kufanya kazi. Likiingia shimoni linagonga kizuizi cha chini, na tairi iliyogongwa hivyo inaruka, haishiki chochote. Pia ile mikono ya chini ya mbele, ambayo inatakiwa ilale karibu usawa, inaanza kuelekea juu, na mwili wa gari unalala kwenye kona zaidi badala ya kupungua. Yaani umelipa ili gari ligeuke vibaya na kukuvunja mgongo juu yake. Kwenye picha, sikatai, linapendeza. Kinyozi pia anapendeza kwenye picha, lakini humpi akufanyie upasuaji.

Kitu kimoja cha kununua ambacho kilinishangaza ni stabilaiza nene ya nyuma. Gari la kuvutwa mbele lina ukaidi wa kwenda moja kwa moja, lile lililonipata siku ya kwanza. Ukikaza nyuma, mkia unalegea kidogo, pua inaingia kona. Kwenye lami ni raha tupu. Kwenye moramu ya mvua ni lazima uwe macho, maana mkia ukishaamka haurudi kwa kuombwa.

Na programu ya injini? Niliirudisha ya kiwanda. Mdogo wangu aliposikia alishika kichwa kama nimeuza shamba la babu. Lakini sikiliza. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Presha ya hewa hapa ni pungufu ya ile ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Gari lisilo na turbo linaisikia mara moja. Binamu yangu wa Kisauni alileta Civic yake huku akadhani imerogwa. Gari lenye turbo linajificha, kompyuta inaiambia turbo izunguke zaidi ili kulipa deni la hewa. Kwa hiyo turbo yangu ndogo ya kiwanda tayari inafanya kazi ya ziada kabla sijaongeza hata chembe. Halafu kitabu cha gari kinataka petroli ya okteni 98, na 95 kama huna budi. Programu nyingi tunazouziwa ziliandikwa kwa hewa ya ufukweni na petroli ya Ulaya. Ukiiwekea petroli dhaifu injini inagonga, kompyuta inasikia, inarudisha nyuma cheche ili isijiue. Nguvu ulizonunua zinarudishwa kimya kimya, hakuna anayekupa risiti. Mtu mwenye pesa za kupima gari lake hapa hapa, kwa petroli yetu, na baada ya matunzo yote, sina neno naye. Mdogo wangu si mtu huyo. Mimi pia si mtu huyo.

Nikiwa na nguvu zangu 200 za kiwanda, msimu uliofuata nilipunguza sekunde kumi na moja kwenye kiwanja kile kile. Nusu ya sekunde hizo ni tairi na shokapu. Nusu nyingine ni makalio yangu kujifunza kukaa na miguu kujifunza subira: breki mapema, gari likiwa bado limenyooka, acha pua izame, kata kona, ndipo uombe nguvu. Dada wa Starlet bado ananishinda. Sekunde moja na nusu sasa. Nitampata, inshallah.

Najua kuna atakayesema, ndugu mwandishi, otokrosi ni ya wenye nazo. Ana haki kwa sehemu kubwa. Leseni, kofia ngumu, mkanda, ada ya kuingia, mafuta ya kwenda na kurudi, na gari unalolihitaji Jumatatu kwenda nalo kazini. Moramu inakula gari, nisidanganye. Nimebadilisha kioo cha mbele mara moja, mipira ya eksili mara mbili, na chujio la hewa sasa ni kama mkate, nanunua kila mara. Na ukipindua, usihangaike kumpigia mtu wa bima. Sera nyingi za magari ya binafsi zinaondoa mashindano kwa maandishi madogo. Kijana anayelipwa mshahara wa kuanzia kazi ataangalia hesabu hiyo, ataangalia barabara ya mchepuko iliyo bure saa saba usiku, na atachagua. Ndipo lawama yangu inapowaendea wenye mchezo pia, si vijana peke yao.

Mwaka jana tulikuwa watu tisa, tukaomba yadi moja ya kuegesha malori Jumapili, kwa ruhusa na kwa barua, tukalipa mlinzi na mwenye yadi, tukapanga koni thelathini. Mzunguko ulikuwa wa sekunde arobaini, mwendo haukufika hata 70. Lami, hakuna mawe. Tulipaka chaki kwenye mabega ya tairi kuona zinalala kiasi gani, tukarekebisha presha, tukarudia. Kila mtu aliendesha mara kumi na mbili. Gharama yangu kwa siku nzima ilikuwa chini ya tangi moja la petroli. Jioni niliona vijana watatu, wale wale wa Ijumaa usiku, wamekaa chini kwenye kivuli cha lori wanabishana kuhusu presha ya tairi za nyuma. Presha ya tairi! Hawakutaja eksozi hata mara moja.

Wamarekani wana mashindano ya kitaifa ya namna hii tangu 1973. Nairobi kila Jumapili ina ekari na ekari za lami zilizolala: viegesho vya viwanja, yadi, maonyesho. Shirikisho likiweka daraja moja la magari ya kawaida ya barabarani, kwenye lami, na koni, ada ndogo, kofia ya kuazima mlangoni, daktari mmoja na gari la wagonjwa, litaondoa vijana wengi zaidi kwenye mchepuko kuliko vizuizi vyote vya polisi. Mapicha ya kamera hayatakuja. Wafadhili labda hawatakuja. Vijana watakuja, nawajua, nilikuwa mmoja wao.

Yule mzee wa mkokoteni nilimtafuta, kama mnataka kujua. Nilirudi barabara ile mchana, mara tatu, nikauliza wauza maji. Kila mmoja alinielekeza kwa mzee mwingine. Hakuna aliyekumbuka usiku mmoja wa gari jeusi, kwa sababu kwao hakuna usiku usio na gari jeusi.

Karatasi ya mdogo wangu tumeiandika upya juzi, mezani, huku ugali unapoa. Programu tumeikata. Springi tumezikata baada ya dakika arobaini za makelele. Eksozi ameomba ibaki mwisho kabisa wa orodha, nikakubali, kijana ni kijana. Juu kabisa ameandika yeye mwenyewe: mafuta ya breki, tairi mbili za mbele, kofia ngumu ya saizi yake. Jumla imeshuka mpaka Sh 74,000. Mama alipigiwa simu akaelezwa kuwa tunanunua kofia, akauliza kama mwanawe sasa ameanza kuendesha bodaboda.

Jumapili ijayo ni zamu yake kwenye yadi. Ufunguo wa pili nimeuchukua kwa muda, upo kwenye droo, karibu na kemfolowa. Atakuja na basi.